Jengo la madaftari mawili

Kuna jengo moja huwa nalipita nikienda kazini, liko kwenye kamji kadogo sana huku Indiana, Marekani, barabara moja ya maana, kanisa, posta, basi. Jengo lenyewe la matofali, ghorofa moja, chini kuna vioo vikubwa vya duka na katikati yake nguzo nyembamba za chuma, juu madirisha marefu ambayo sijawahi kuona mtu amechungulia, na kule juu kabisa kwenye paji la jengo wamechonga pete tatu za mnyororo zilizoshikana, ndani ya kila pete herufi moja, F, L, T. Miaka miwili nimelipita hivyohivyo tu. Siku moja mvua ikanikuta pale nikaingia chini kujibanza, maana siku hizi chini wanauza vyombo na fanicha za zamani, nikamuuliza yule mama mwenye duka, huko juu kuna nini? Akachukua funguo, akaniambia twende ukaone mwenyewe.

Mlango wa kupandia haupiti dukani, uko pembeni kabisa, unatokea barabarani kivyake, ukiufungua unakutana na ngazi tu, nyembamba, inapanda moja kwa moja. Juu kuna kachumba ka kusubiria halafu mlango mwingine mzito, na kwenye ule mlango usawa wa macho kuna katundu kenye kifuniko cha shaba, unakisukuma pembeni unaona upande wa pili. Hako katundu ndo kalinimaliza. Yaani kulikuwa na mtu anasimama kwa ndani, wewe unagonga, anafunua, anakuangalia, anataka neno la siri, hulijui basi rudi ulikotoka. Ndani ukumbi mkubwa, dari iko juu sana, viti vimepangwa kuzunguka kuta na katikati pametupu, na pale mbele na kule nyuma kuna vijukwaa vyenye viti kama vya wafalme.

Najua wengine mkisoma hapa mshaanza kuwaza. Siri, mlango wenye tundu, jicho ukutani, Freemason, kafara, utajiri wa ghafla. Hizo stori na mi nimekua nazo na sitaki kudanganya, wakati nashuka zile ngazi mwili ulikuwa umenisisimka. Ila nilivyoanza kusoma, na nimesoma sana toka siku ile, nimekuja kuona kwamba kitu kikubwa kwenye majengo haya (maana yako mengi mno, karibu kila mji mdogo Marekani unalo lake) si jicho wala tundu la mlangoni. Ni madaftari. Yalikuwa mawili, moja chini dukani moja juu ukumbini, na majina yaliyoandikwa humo mara nyingi yalikuwa ya watu walewale.

Tuanze na la juu.

Wenye pete tatu wanaitwa Odd Fellows. Si Freemason, japo kwa mavazi na maneno ya siri wanafanana. Asili yao ni Uingereza, na huku Marekani aliyewaanzisha ni fundi mmoja anaitwa Thomas Wildey, mzaliwa wa London, 1782, kazi yake kutengeneza springi za magari ya farasi. Alihamia Marekani 1817 akaishia Baltimore. Mgeni, hana ukoo pale, hana shangazi wala mjomba, akaweka tangazo gazetini kuulizia kama kuna wenzake wengine waliokuwa Odd Fellows huko walikotoka, na tarehe 26 Aprili 1819 wakakutana kwenye baa moja inaitwa Seven Stars. Watu watano. Hapo niliposoma nilitulia kidogo, maana mtu yeyote aliyewahi kuumwa ugenini, amelala chumbani siku ya tatu na hakuna wa kumletea hata uji, anaelewa kwa nini mtu anaweza kuweka tangazo gazetini kutafuta ndugu.

Na kazi yao waliyojipa ilikuwa nini? Kuwatembelea wagonjwa, kuwasaidia wenye dhiki, kuwazika wafu, kuwasomesha yatima. Basi! Hiki ni chama cha kuzikana, sioni jina lingine la kukipa kwa Kiswahili. Unaingia kwa kiingilio, unatoa ada yako, katibu anaandika kwenye daftari, ukiugua ukashindwa kwenda kazini unapewa hela kila wiki, ukifa wanakuzika kwa heshima, wanakusindikiza wamevaa nguo zao zote na mjane wako hazunguki kupiga hodi za watu. Zile herufi tatu kwa Kiingereza ndo urafiki, upendo na ukweli. Na lile jicho linalochorwa kwenye kumbi zao ni la Mungu, anakuona, ndo maana yake kwao.

Hata mifupa ina maelezo, maana nayo ipo. Kumbi nyingi za Odd Fellows zilipouzwa, mafundi wakija kubomoa ukuta au kufungua kabati wanakuta jeneza lina fuvu na mifupa ya mtu, polisi wanaitwa, mji mzima unatetemeka, kumbe ni kifaa cha siku ya kumuingiza mwanachama mpya. Walikuwa wanamsimamisha mbele ya ile mifupa ili akumbuke na yeye ndiko anakoelekea. Nafikiri chama cha kuzikana kumkumbusha mtu kifo siku anayojiunga ni jambo lenye akili kabisa.

Ukitaka kuelewa uzito wa lile daftari la juu lazima ukumbuke kwamba wakati huo fundi wa kawaida hakuwa na kimbilio lingine. Hakuna bima ya afya, hakuna pensheni. Sheria ya hifadhi ya jamii ya Marekani imesainiwa Agosti 1935, kabla ya hapo mtu ni familia yake, kanisa lake na chama chake. Mwaka 1868 kule Meadville, Pennsylvania, fundi wa reli anaitwa John Jordan Upchurch alianzisha chama kingine, Ancient Order of United Workmen, utaratibu wao ukawa mwepisi kabisa, mwenzetu akifa kila mwanachama anatoa dola 1 kwa familia yake. Rambirambi, ila imeandikwa, ina orodha na ina katibu wa kukufuata. Toka hapo vikaja vyama chungu nzima vya namna hiyo, na wanahistoria wanakadiria kwamba kufikia 1920 kama mwanaume mmoja kwa kila watatu Marekani alikuwa kwenye chama cha namna hii. Wanawake nao hawakukaa nje, Odd Fellows walifungua daraja la wanawake linaloitwa Rebekah mwaka 1851, aliyeliandika ni Schuyler Colfax, mtu wa hukuhuku Indiana, baadaye akawa makamu wa rais wa nchi.

Sasa duka linaingiaje.

Ni hesabu tu. Chama kina senti nyingi ndogondogo lakini ukumbi wanauhitaji jioni moja au mbili kwa wiki. Ukijenga ukumbi peke yake umejenga kitu kinachokaa kitupu siku tano huku paa linakula hela. Kwa hiyo unajenga ghorofa, unajiweka juu ambako hakuna mpita njia wa kuchungulia dirishani, chini unapangisha duka, kodi ya duka inalipa deni la matofali. Au inakuwa kinyume chake, mfanyabiashara ndo anataka kujenga ila mtaji unamtosha wa chini tu, chama kinamwambia wewe jenga chini sisi tutapandisha juu, wanakubaliana kwa maandishi, mwenye duka anamiliki chini na ardhi, chama kinamiliki kuanzia dari lake hadi paa. Wengine walichukua jengo ambalo limeshasimama. Mokelumne Hill, California, mji wa wachimba dhahabu, kuna jengo la mawe la 1854 lilikuwa la sakafu mbili, mwaka 1861 Odd Fellows wakalipandishia sakafu nyingine juu kwa ajili ya ukumbi wao, wakawa wamepata jengo la kwanza la maana la sakafu tatu California nje ya miji ya pwani. Limesimama mpaka leo. Sehemu nyingine chini haikuwa duka, kule Bannack, Montana, Wamasoni walijenga 1874 wakajiweka juu, chini wakaweka shule ya watoto wa mji.

Kuhusu zile nguzo za chuma, siku niliporudi kulitazama vizuri niliinama mpaka chini kwenye kitako cha nguzo nikakuta kibati chenye jina la kiwanda, George L. Mesker, Evansville. Nikaenda kusoma nikakuta huyu na ndugu zake wa kiwanda kingine kule St. Louis walikuwa wanauza sura za majengo kwa katalogi! Mfanyabiashara wa kijijini anachagua kwenye kitabu nguzo hii, urembo ule, mabati yaliyopigwa muhuri yakafanana na mawe ya kuchongwa, anatuma oda, vinakuja kwa treni vipande vipande, fundi wa pale anaunga. Ndo maana miji midogo hii inafanana nyuso. Nilifurahi siku hiyo kama mtoto, nimepiga picha kile kibati mara kumi.

Haya, twende chini, kwenye daftari la pili.

Duka la aina hii ni duka la kila kitu, sio kama supamaketi ya sasa, ni chumba kimoja kirefu, kaunta inakwenda na ukuta pande zote mbili, upande mmoja vitambaa, nyuzi, vifungo, viatu, upande wa pili tumbaku, misumari, vipuri vya jembe, dawa za chupa, katikati jiko la chuma la kuni ambapo wazee wanakaa kutwa, nyuma kabisa pipa la mafuta ya taa na la molasi. Mteja hashiki kitu. Anasema anachotaka, anapimiwa. Na kwenye kona kuna visanduku vya barua, kwa sababu mwenye duka mara nyingi ndiye aliyekuwa bwana posta pia, ukija kuchukua barua unaondoka na sukari. Abraham Lincoln mwenyewe, kabla hajawa rais wa nchi, aliipitia kazi hii, kijana huko New Salem, Illinois, alikuwa na duka na mwenzake likafa na kumuachia madeni ya miaka, na kuanzia 1833 akawa bwana posta wa kijiji.

Pesa taslimu vijijini zilikuwa adimu. Mama anakuja na mayai na siagi anabadilishana, mkulima anachukua kwa mali kauli toka mbegu mpaka mavuno, mwenye duka anaandika. Kahawa ratili moja. Kitambaa yadi tatu. Misumari. Ukienda makumbusho ukiona daftari moja la hivi unaweza kusoma maisha ya familia nzima, lini mtoto kazaliwa (kitambaa cheupe), lini wamejenga, lini wamefiwa, maana na jeneza au vifaa vyake vilinunuliwa hapohapo. Fikiria hilo. Jeneza linaandikwa kwenye daftari la chini na kulipiwa kwenye daftari la juu, jengo moja, ngazi tu ndo imetenganisha.

Lakini haya madaftari mawili hayakuwa na roho moja, na hapa ndo nataka kusema ukweli ninavyouona. La juu unaingiza kabla ya shida, la chini unachukua kwanza ndo unalipa, na anayeshika kalamu si wewe. Mwenye duka mwema alikuwa mkombozi wa kijiji, wapo waliobeba watu mwaka mzima wa ukame. Ila kule Kusini baada ya utumwa kufutwa 1865 daftari la duka liligeuka kuwa kitu kibaya sana. Mtu ameachwa huru hana ardhi, hana nyumbu, hana mbegu, analima shamba la mwenzake kwa kugawana mavuno, chakula cha mwaka mzima anakopa dukani kwa rehani ya pamba ambayo bado haijaota. Bei ya mkopo si bei ya taslimu, juu yake riba, na hesabu inafanywa na mwenye duka ambaye mara nyingi ndiye mwenye shamba. Pamba inavunwa, inapimwa, mtu anaambiwa bado unadaiwa, mwaka unaofuata anaanza nyuma ya mstari. Watu walifungwa hivyo kizazi kizima, bila mnyororo.

Na kwenye ukumbi wa juu watu weusi hawakuruhusiwa. Odd Fellows wa Wildey, pamoja na urafiki, upendo na ukweli wao, walikuwa na sharti la mtu mweupe tu, na halikutoka mpaka 1971. Hilo linaniuma kila nikiziona zile pete.

Kwa hiyo watu weusi wakajijengea vyao. Prince Hall na wenzake 14 waliingia Umasoni Boston mwaka 1775 kupitia kikosi cha wanajeshi wa Kiayalandi, wazungu wa pale hawakuwataka, wakaomba hati London kwenyewe wakapewa. Odd Fellows ndo hivyohivyo, vijana weusi wa New York waliomba wakakataliwa, akatokea Peter Ogden, mtu mweusi mfanyakazi wa melini ambaye alikuwa tayari mwanachama Liverpool, akawaambia achaneni na hawa, twendeni kwenye shina, na 1843 hati ikatoka Uingereza. Toka hapo kumbi zao zikasambaa, na nyingi zikawa na mpango uleule, biashara chini ukumbi juu, ila sasa maana yake ilikuwa nzito zaidi kwa sababu hapo juu palikuwa moja ya mahali pachache mjini ambapo mia ya watu weusi wangeweza kukaa, kupiga kura, kuchagua mwenyekiti, kukagua hesabu, bila kuomba ruhusa ya mtu. Little Rock, Arkansas, wanaume wawili waliozaliwa utumwani, John Bush na Chester Keatts, walianzisha Mosaic Templars kwa ajili ya mazishi na bima, 1913 wakafungua jengo lao la makao makuu, Booker T. Washington, kiongozi mkubwa wa watu weusi enzi hizo, akaja kulizindua. Liliungua Machi 2005, wakalijenga upya, sasa ni makumbusho. Atlanta kwenye Auburn Avenue kuna la Odd Fellows weusi la 1912, na kuna la Wamasoni wa Prince Hall ambalo chini yake kulikuwa na saluni ya kampuni ya Madam C. J. Walker, mama mweusi aliyetajirika kwa dawa za nywele, na humohumo kuanzia 1949 ikawa inarusha matangazo WERD, redio ya kwanza Marekani kumilikiwa na mtu mweusi. Na ofisi ya jumuiya ya Martin Luther King ya kupigania haki za weusi nayo ilikuwa kwenye jengo hilohilo. Saluni, redio, ukumbi, harakati, paa moja.

Niseme kwa haraka jinsi maduka yalivyokufa, maana nayo inachekesha na kusikitisha. Wakulima walikuwa na chama chao kinaitwa Grange, kilianzishwa Washington 1867 na Oliver Kelley, karani wa serikali, na kile kiliruhusu wanawake kama wanachama kamili toka mwanzo. Wakawa wanakaa ukumbini juu kupanga jinsi ya kununua vitu kwa pamoja bila kupitia kwa mwenye duka aliyeko chini ya miguu yao. Aaron Montgomery Ward akaliona hilo, 1872 akaanza kuuza kwa posta akijitangaza kuwa ndiye msambazaji wa Grange. Halafu 1896 posta ikaanza kupeleka barua mpaka shambani, 1913 ikaanza kubeba na vifurushi, mama akawa anachagua kitambaa kwenye katalogi mezani kwake. Wafanyabiashara wa vijijini walipiga kelele sana, wengine wakakusanya katalogi wakazichoma moto. Gari likamalizia. Na vyama vya juu navyo, mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukawakuta wanachama hawana ada, serikali ikaleta hifadhi yake, makampuni ya bima yakachukua waliobaki.

Lakini sababu yenyewe ya kuandika yote haya ni mtu mmoja, kwa sababu katika kusoma kwangu kote yeye ndiye niliyemuona ameyashika madaftari yote mawili kwa mkono mmoja.

Maggie Lena Walker. Alizaliwa Richmond, Virginia, 1864, mji ambao wakati huo ulikuwa makao makuu ya wale waliopigana kulinda utumwa. Mama yake alikuwa mfua nguo, na Maggie alikuwa anasema hakuzaliwa na kijiko cha fedha mdomoni, alizaliwa na kapu la nguo karibu kichwani. Akiwa binti mdogo akajiunga na Independent Order of St. Luke, chama cha kuuguzana na kuzikana kilichoanzishwa na mwanamke mweusi, Mary Prout, kulekule Baltimore kwa Wildey. Akawa mwalimu, akaolewa 1886 ikabidi aache kazi maana mwalimu wa kike akiolewa basi, nguvu zake zote akazipeleka kwenye chama. 1899 wakamchagua katibu mkuu. Alipofungua daftari alikuta dola 31 na senti 61, na deni la dola 400.

Mwaka 1901 akasimama mbele ya wanachama akawaambia anataka gazeti, anataka benki, anataka duka. Tuweke fedha zetu pamoja, tuzitumie fedha zetu, tukopeshane wenyewe na faida tule wenyewe. Tuwe na benki itakayochukua vishilingi vigeuke dola. Gazeti likatoka 1902. Jengo la chama, St. Luke Hall, likasimama 1903 mtaa wa Jackson Ward, na Novemba 2 mwaka huohuo benki ikafunguliwa ndani yake, St. Luke Penny Savings Bank, akawa mwanamke wa kwanza mweusi nchini kuanzisha benki na kuwa rais wake. Siku ya kwanza watu walipanga foleni, wengine wameshika zaidi ya dola mia, mmoja akafungua akaunti kwa senti 31. Senti 31! Na zikaandikwa, kwa jina lake.

Halafu duka. Aprili 1905, St. Luke Emporium, na hakuliweka uchochoroni, aliliweka Broad Street, mtaa mkubwa wa maduka ya wazungu ambako mwanamke mweusi alikuwa anauziwa kwa kudharauliwa. Yeye aliliona duka kwa macho ya mama yake. Wasichana weusi waliosoma mjini Richmond kazi yao ilikuwa kufua, kupika na kufagia kwa watu, basi humu ndani nyuma ya kaunta akawasimamisha wao, na waliolisimamia na kuweka hela zao walikuwa wanawake, na dirishani yale masanamu ya kuvalishia nguo yalikuwa na sura nyeusi. Hebu fikiria mtoto wa kike anapita pale na mama yake mwaka 1905.

Hata kabla hawajafungua walifuatwa na ofa, uzeni hili jengo, bei ikapanda hadi dola 10,000 taslimu. Wakakataa. Wafanyabiashara weupe wakaunda umoja wao, wakawaandikia wauzaji wa jumla mpaka kaskazini huko, ukimuuzia huyu hutatuuzia sisi. Hayo angeyamudu labda. Kilichomuumiza zaidi ni watu wake mwenyewe. Wanachama wa St. Luke, waliokuwa wanalipa ada ya chama bila kukosa, walikuwa wanaupita mlango wa duka lao wanaenda kununua kwa wale wengine, kwa sababu ya senti mbili tatu au kwa mazoea tu. Machi 1906 aliita mkutano wa wanaume peke yao akawaeleza hilo waziwazi, kwamba kila dola unayoipeleka kule unamlisha simba anayekutafuna, na akawauliza nani atasimama na wanawake hawa. Nimeisoma hotuba hiyo usiku mmoja nikashindwa kulala. Kwa sababu hapo alikuwa anagusa kitu ambacho mikutano haikiponyi, watu watachangia msiba wako kwa moyo wote, watakuzika, watakulilia, ila kununua kwako sukari ukiwa hai ni kazi.

Duka halikufikisha miaka 7. Lilifungwa.

Chama chenyewe kiliendelea kukua, kufikia miaka ya 1920 kilikuwa na wanachama kama 100,000 kwenye majimbo mengi, na benki ikavuka mdororo ulioua maelfu ya benki, 1930 aliiunganisha na benki nyingine mbili za weusi Richmond na ikafanya kazi mpaka karne hii. Yeye alifariki Desemba 1934, miaka ya mwisho akiwa kwenye kiti cha magurudumu, bado anakwenda ofisini.

Mwaka jana nilichukua likizo fupi nikaendesha gari mpaka Richmond. Nyumba yake ni makumbusho ya serikali sasa, na toka Julai 2017 kuna sanamu yake ya shaba, urefu futi 10, amesimama wima. Ipo Broad Street. Nilisimama pale muda mrefu kidogo halafu nikaufuata mtaa kuelekea upande lilikokuwa duka, ni mwendo wa miguu tu, dakika chache.